Diski ya Zamani, Mashine Mpya

Ufundi wa kompyuta niliuanza Kariakoo, enzi ambazo Windows XP ilikuwa bado ngeni mjini, na wateja wangu wa kwanza walikuwa wenye maduka. Umeme ukikatika kisha ukarudi kwa kishindo, pawa saplai iliungua, mara nyingine na bodi pia. Diski ilikuwa ikisalimika. Ndipo nilipoanza kusikia ombi ambalo sijaacha kulisikia hadi leo: "Fundi, chomoa hiyo diski, itie kwenye mashine mpya."

Mafundi wengi tulikuwa na jibu moja: kupiga Windows upya. Mama mmoja muuza vipuri ndiye aliyenionyesha kwamba jibu hilo halitoshi. Programu yake ya hesabu aliwekewa na kijana aliyekwisha kuhama mji. CD haipo, namba ya leseni haipo, na madeni ya wateja wake wote yamo mle ndani. "Mwanangu," aliniambia, "mashine nitanunua nyingine. Madeni yangu nitayanunua wapi?"

Basi nikajifunza kuhamisha diski pamoja na mfumo wake mzima. Ugumu uko kwenye kuwaka. Windows inapowekwa, hujifunga na vifaa inavyovikuta, hasa kidhibiti cha diski. Ukiipeleka kwenye bodi nyingine, inaitafuta diski kwa draiva ya bodi ya zamani, haioni kitu, inatoa skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B. Wenye diski walioiona namba hiyo walikata tamaa wakidhani kila kitu kimepotea, kumbe diski ni nzima kabisa. XP haikuja na draiva ya AHCI, yaani hali ambayo bodi mpya zaidi huitumia kuwasiliana na diski. Mara nyingi ilitosha kuingia BIOS na kurudisha diski kwenye hali ya zamani ya IDE. Mashine ya zamani ikiwa bado inawaka, nilitangulia kuweka draiva ya kawaida ya IDE iliyomo ndani ya Windows yenyewe, kisha ndipo nikachomoa diski.

Ikishawaka, inadai draiva za kadi ya picha, sauti na mtandao, na huenda ikataka leseni ithibitishwe upya kwa kuwa imeona vifaa vimebadilika. Leseni iliyokuja na mashine kutoka kiwandani kwa kawaida haihamishiki kwenda mashine nyingine, na hilo namweleza mteja kabla sijashika bisibisi. Linux haina makuu hayo: draiva nyingi zimo ndani ya mfumo wenyewe, na mara nyingi diski inawaka kwenye mashine ngeni bila kubadilisha chochote.

Leo vikwazo ni vingine. Mashine nyingi mpya zinawaka kwa UEFI tu, mfumo uliorithi nafasi ya BIOS, na diski ya Windows iliyopangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR haiwaki humo mpaka igeuzwe kuwa GPT. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, itadai ufunguo wa dharura. Mteja asipokuwa nao, hakuna fundi wa kuifungua.

Kanuni yangu haijabadilika: nakala kwanza. Nanakili diski sekta kwa sekta, ile ya asili naiweka kando, na majaribio yote nayafanya kwenye nakala.

Mfumo wa zamani nao una mwisho. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mfumo usiozibwa matundu yake ya usalama siuunganishi na intaneti. Kwa sababu hiyo kazi yangu haiishii mashine inapowaka. Nakaa na mteja, tunazitoa hesabu zake kwenye programu ile ya kale, tunazihifadhi katika faili ambalo programu nyingine zinaweza kulisoma. Mteja akiwa na faili hilo mkononi, mashine ijayo ikiungua hatalazimika kunitegemea mimi. Wapo wanaosema najinyima riziki. Mimi naona hiyo ndiyo heshima ya ufundi.