Sanduku la Kufuli Tatu

Paje, Unguja

Dada yangu mpenzi,

Nimefika salama, na nina la kukusimulia.

Nimekuta bamvua. Asubuhi maji yalitoka mbali, kina mama wakashuka pwani na vigingi na kamba zao. Ukulima wa mwani wa biashara ulianza upande huu mwaka 1989, na wakulima wengi mno ni wanawake. Mwani hukaa baharini kama wiki sita, uvunwe, uanikwe, kisha asubiriwe mnunuzi. Yakiingia maji mafu, kazi husimama.

Sasa ile mikopo ya kausha damu, marejesho kila wiki, itamfaa vipi mtu anayelipwa na bahari? Mwenyeji wangu aliwahi kuichukua. Mwezi haukuisha, akauza cherehani yake. Alinieleza huku anafunga mbegu kambani, hakuinua macho, nami nikakosa la kumjibu.

Alasiri akanipeleka kwenye kikundi chao, chini ya mkungu. Katikati pana sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo wanazo wanawake watatu, na sanduku hulala kwa mwingine wa nne. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote, kwa sauti. Kila mmoja ananunua hisa, anatia kidogo katika mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba, na anaweza kukopa hadi mara tatu ya hisa zake. Muda wa kurejesha wanaupanga wenyewe, na wanajua mwani utavunwa lini. Mwisho wa mwaka wanavunja, wanagawana, wanaanza upya. Utaratibu wa namna hii ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, kwa wanawake vilevile.

Mmoja alikopa akanunua mafuta ya nazi na magadi ya sabuni. Anasaga mwani, anatia karafuu, anapika sabuni. Dada, kilo nzima ya mwani mkavu haifikii bei ya kipande kimoja cha sabuni hiyo kwenye maduka ya watalii! Na ni lazima watafute njia kama hizi, kwa sababu cottonii, ule mwani wenye bei nzuri, unakufa kwa joto la bahari. Uliobaki ni spinosum, na bei yake ni ya kusikitisha. Hilo, sanduku haliwezi kulitibu, na linaniuma.

Usiku sikulala upesi, nikauwaza upatu wetu, na zile fedha zilizopotea kwa kuwa alizishika mtu mmoja. Tulilaumiana mno, kumbe tulikosa kufuli.

Muulize fundi wa pale sokoni sanduku la chuma atalitengeneza kwa bei gani. Kufuli nitazinunua mimi Darajani, Alhamisi, kabla ya kupanda boti.

Nduguyo akupendaye