Beti Tatu Chini ya Wino

Kila kamera ya dijitali hutoka kiwandani ikiwa imefungwa kitambaa machoni. Nyuma ya lenzi yake mna kibamba cha silikoni, ndicho kihisi chake, na silikoni kwa tabia yake huuona mwanga ambao mwanadamu hakujaaliwa kuuona. Jicho letu hukomea kwenye wekundu, karibu na nanometa 700 za urefu wa wimbi. Silikoni huendelea mbele mpaka inapokaribia 1,100. Mwanga huo ulio nje ya wekundu ndio uitwao infraredi. Lau ungeachiwa uingie, picha za kila siku zingevurugika: nguo nyeusi zingetoka na uzambarau uliopauka, na majani yangepoteza rangi yake. Kwa hiyo mtengenezaji huweka mbele ya kihisi kipande chembamba cha kioo, chenye rangi mithili ya maji ya pwani yasiyo na kina, ili kiuzuie. Anayegeuza kamera iwe ya infraredi haiongezei uwezo wowote. Hukitoa kioo hicho, basi.

Msomaji asiyeamini na achukue rimoti ya televisheni, aielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu yake, kisha abonyeze. Aghalabu ataona kwenye simu nuru inayomweka pale ambapo macho yake hayaoni kitu. Kizuizi cha simu nyingi si kizito, na kidogo hupenya.

Aliyeugundua mwanga huu ni William Herschel, mnajimu aliyeishi Uingereza. Mwaka 1800 aliuchambua mwanga wa jua kwa mche wa kioo, akapima joto la kila rangi, na kipimajoto alichokiweka nje ya wekundu, mahali palipokuwa giza kwa macho, kikapanda kupita vyote. Miaka 110 baadaye, yaani 1910, Mmarekani Robert W. Wood alichapisha picha zilizopigwa kwa mwanga huo: miti ilikuwa myeupe na mbingu nyeusi. Sababu yake si uchawi. Ukijani wa jani hauunyonyi mwanga wa infraredi. Mwanga hupenya mpaka ndani ya jani, ukagonga kuta za chembechembe zake na kurudishwa nje kwa wingi. Mbingu nayo, ambayo ubuluu wake ni mwanga mfupi uliotawanywa hewani, haina cha kutawanya huku, ikabaki nyeusi. Kwa kamera kama hiyo mkarafuu hutoka kama uliomwagiwa chokaa, na bahari ya mchana hutoka kama usiku.

Picha za namna hiyo zimekuwa nyingi mno, na mimi hazinikai moyoni. Mwembe mweupe hustaajabisha mara ya kwanza, mara ya pili hufurahisha, mara ya tatu huwa ni mwembe uliopakwa rangi. Kilichonipeleka kwenye jambo hili ni wino.

Wino uliotengenezwa kwa masizi na gundi ni kaboni, na kaboni hunyonya mwanga wa infraredi kama inavyonyonya mwanga wa kawaida. Hubaki mweusi mbele ya macho yote mawili. Lakini wino wa buluu wa dukani, ule wa kalamu za kujaza, ni rangi iliyoyeyushwa, nayo mbele ya infraredi huwa kama maji safi. Madoa ya unyevu na wekundu wa karatasi iliyochakaa hufifia pia. Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1950 mpiga picha Najib Anton Albina, mzaliwa wa Jerusalem, alizipiga kwa filamu ya infraredi hati zilizopatikana katika mapango ya Bahari ya Chumvi, na ngozi zilizokuwa zimeiva weusi zikatoa maandishi yake. Alichokifanya yeye kwa filamu maalumu, leo chaweza kufanywa kwa kamera ya mtumba na bisibisi.

Babu yangu mzaa baba aliacha daftari la utenzi, lenye hati za Kiarabu zilizoandikwa kwa kalamu ya tete na wino wa masizi. Utenzi wenyewe wahusu haki za wazazi. Kama ilivyo desturi ya watunzi wa tenzi, beti za mwisho zataja jina lake, mwaka alioumaliza, ambao ni 1351 wa Hijra, na idadi ya beti: 212. Ukizihesabu zinazosomeka ni 209. Katika ukurasa mmoja beti tatu zimefunikwa kwa wino wa buluu, si kwa mstari mmoja wa kukata, bali kwa kupakwa na kurudiwa mpaka karatasi imekwaruzika. Tulikua nazo hizo beti tatu bila ya kuzijua. Binamu zangu walikuwa na hakika kwamba ni apizo. Ami yangu alishikilia kwamba ni deni la shamba. Baba hakusema kitu, na sisi hatukuuliza mara mbili.

Kamera niliyoichagua ni Nikon D70, iliyotoka mwaka 2004. Ina megapikseli 6 tu. Simu ya bei nafuu huipita leo, na ndiyo maana niliipata kwa bei ya kutupa. Fundi mmoja wa simu pale Darajani, kijana mwenye mkono mtulivu, alikubali kuifungua mbele yangu kwa sharti kwamba ikifa asilaumiwe. Tulitandika karatasi nyeupe mezani, nikachora juu yake umbo la kamera, na kila skurubu iliyotoka tukaiweka mahali pake kwenye mchoro, kwani skurubu hizi hazilingani urefu, na ndefu ikiingia pa fupi hutoboa kisichotobolewa. Kabla ya kugusa kitu kingine aliitafuta kapasita ya taa ya mmweko. Ni kijipipa kidogo kama ncha ya kidole, nacho huhifadhi umeme unaofikia kiasi cha volti 300 hata baada ya betri kutolewa, ukimngoja mwenye pupa. Aliupunguza kwa kuweka rezista baina ya miguu yake miwili, akapima, akapima tena, ndipo akaendelea. Zikafuata nyaya bapa zilizo nyembamba kama utepe, ambazo huchomolewa kwa ncha ya ukucha. Feni tuliizima, joto likatuelemea, kwa kuwa vumbi likiingia kwenye kihisi halitoki kwa kupulizwa, na mate ya mpulizaji ni mabaya kuliko vumbi.

Kioo chenyewe kilipotoka kilikuwa kidogo kuliko stempu. Nilikitia katika bahasha. Mahali pake tuliweka kioo kingine, cheusi kwa macho, kisichopitisha ila mwanga ulio zaidi ya nanometa 830. Unene wa kioo hicho si wa kubahatisha. Lenzi haiupindi mwanga wa infraredi sawasawa na mwanga mwingine, taswira hukaa nyuma kidogo, na kioo kipya hukatwa kwa unene wa kuifidia tofauti hiyo. Wazee wa filamu watakumbuka kialama chekundu kilichochorwa kwenye lenzi zao kwa kazi hiyo hiyo. Tangu siku ile kamera hiyo haifai tena kwa picha ya harusi.

Kulibaki swali la taa. Balbu za LED zilizojaa majumbani mwetu hutoa infraredi kidogo mno, haitoshi kitu. Balbu ya zamani ya waya, ile tuliyoilaumu kwa kula umeme, hutoa tele, na kandili pia. Nilipata balbu mbili za wati 60 katika duka la vitu vilivyosahauliwa, nikaziweka kushoto na kulia kwa daftari, mbali ya kutosha zisiichome karatasi. Kwa macho ukurasa ulikuwa na kidimbwi cha buluu katikati. Katika picha kidimbwi hakikuwapo. Beti tatu zilikaa wazi, kila moja na mishororo yake minne, mizani nane nane, kina cha mwisho kikiwa kile kile kiendeshacho utenzi mzima.

Mwaka 1998 kampuni ya Sony ililazimika kuzibadilisha kamera zake za video zilizokuwa na uwezo wa kuona gizani, baada ya kugundulika kwamba zikitumiwa mchana kwa namna fulani huweza kuona chini ya baadhi ya nguo nyepesi. Ndiyo maana waigeuzao kamera hukumbana na shaka ya majirani, na katika mji wetu, ambapo sitara ni nusu ya heshima, shaka hiyo si ya kipuuzi. Mimi nilidhani hainihusu, kwani nilikuwa napiga karatasi. Nikazisoma beti.

Babu alikuwa amemshukuru mamake. Amemtaja kwa jina aliloitwa kwao kabla hajaletwa pwani, na amekitaja kijiji na mto. Mamake alikuwa suria. Sheria ya mwaka 1897 iliyoiondoa hadhi ya utumwa Zanzibar haikuwagusa masuria. Wao walingoja mpaka 1909. Babu mwenyewe alizaliwa huru, kwa nasaba ya baba yake, kama sharia isemavyo, na nasaba hiyo ndiyo tuliyofundishwa kuihesabu mpaka kizazi cha saba. Upande wa mama ulianza na jina la Kiarabu alilopewa nyumbani humo, ukaishia hapo hapo.

Nilimpelekea shangazi picha. Yeye ndiye aliyebaki katika watoto wa babu. Macho yake hayasomi tena, basi nilimsomea. Baada ya ubeti wa pili aliniambia nirudie. Kisha akasema, "Mkono uliofuta ni wa mama, mwanangu. Mimi nilikuwapo." Watu waliokuja kumposa walikuwa wameomba kuliazima daftari walinakili, maana utenzi ulisifika. Bibi alikwisha kufiwa na mumewe wakati huo. Alikaa na chupa ya wino usiku mzima, na asubuhi daftari likapelekwa. Posa ikapita. Ndoa ile ilidumu miaka arubaini na moja.

Nikamuuliza afadhali nifanyeje. Nilidhani atanikataza, au ataniambia nitangaze. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alitaka kujua kama wino wa mama yake bado upo kwenye karatasi, au kamera imeuondoa. Nikamwambia upo, haukuguswa. Akaniuliza juu ya kile kioo kilichotolewa, nikamwambia nimekihifadhi. Alifikiri kwa muda.

"Kisa kisimulie," alisema. "Jina liache kwangu. Nikifa, watoto wapewe picha, kila mmoja yake."

Sasa ninauandika utenzi huo kwa herufi za Kirumi ili uchapwe. Zitachapwa beti 209, kwa utaratibu alioupanga mtunzi. Ubeti wa mwisho, ule utajao idadi, utabaki kama alivyouandika yeye kwa masizi yake: 212.