Nyungunyungu Katika Ndoo ya Nyanya

Wahenga walilonga kwamba mdharau biu hubiuka. Methali hii niliwahi kuwafunza wanafunzi wa kidato cha pili nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu. Nikawaeleza maana ya juu na maana ya ndani, nikawapa na mifano mitatu ya kutoka vitabuni. Waama, mimi mwenyewe sikuielewa hadi nilipofika umri wa miaka 27, nikafunzwa na kiumbe asiye na macho, masikio wala meno. Ndugu msomaji, kiumbe huyo ni nyungunyungu, na makala haya ni ushahidi wangu juu yake.

Mwezi wa Machi mwaka wa 2022 niliahirisha masomo yangu ya uzamili. Karo ilikuwa imenilemea, na sura ya tatu ya tasnifu yangu ilikuwa imerudishwa mara ya pili, kurasa zake zimejaa wino mwekundu. Nilifunga virago nikarejea kijijini kwetu katika Kaunti ya Vihiga, kwa nyanya aliyenilea. Sikumweleza yote. Nilimwambia kwamba nimekuja kuandika mahali penye utulivu. Naye hakuniuliza la pili. Alinipa uji, akachukua jembe lake akaenda bustanini.

Bustani hiyo haifiki robo ekari, lakini ndiyo iliyonisomesha. Mafungu ya sukuma wiki, kunde na managu aliyoyauza sokoni ndiyo yaliyoninunulia sare, madaftari na kamusi yangu ya kwanza. Nilipoingia bustanini jioni ile nilishtuka. Majani ya sukuma wiki yalikuwa ya manjano na madogo kama kiganja cha mtoto. Udongo ulikuwa umeshikamana, ukiupiga jembe unatoka mabonge. Mbolea ya dukani haikununulika tena, maana mwaka huo bei ya mfuko wa kilo 50 ilipita shilingi 6,000.

"Na samadi, Nyanya?" nikauliza.

"Samadi itoke wapi, mjukuu wangu, na ng'ombe hayupo?"

Hapo nikanyamaza. Ng'ombe yule aliuzwa mwaka wa 2020 ili nilipiwe karo ya mwaka wa kwanza wa uzamili. Nilikuwa nimekula ng'ombe, na kumbe nilikuwa nimekula na udongo pia. Usiku ule sikupata usingizi. Deni la chuo nililijua hadi shilingi ya mwisho. Deni la bustani sikuwahi kulihesabu.

Nilikuwa nimesoma mahali fulani kwamba nyungunyungu waweza kufugwa ndani ya ndoo, wakala maganda na masalio ya jikoni, wakatoa mboji iliyo bora. Nikajitia ufundi. Nilitafuta ndoo mbili za rangi za lita 20, nikatia msumari motoni, nikatoboa matundu kwenye kitako na ubavuni mwa ndoo moja. Ndoo ya pili niliiweka chini bila matundu, ndani yake mawe mawili, ili ile ya juu ikalie mawe hayo na maji yanayochuruzika yapate pa kukingwa. Kisha nikaenda chini ya migomba, nikafukua nyungunyungu wakubwa wa rangi ya kijivu, nikawatia ndani pamoja na maganda ya machungwa, makombo ya sukuma wiki iliyokaangwa na githeri iliyolala. Nikamwaga na maji, nikidhani kwamba ukarimu ni kuzidisha.

Haikupita wiki moja na nusu kabla jiko zima halijanuka. Asubuhi moja nilikuta nyungunyungu wametapakaa sakafuni, wamekauka kama nyuzi. Waliobaki ndani walikuwa wamejikunja chini ya mfuniko, mbali na kile chakula nilichojivunia. Nyanya alisimama mlangoni, ameziba pua kwa ncha ya leso.

"Mjukuu wangu," akasema, "ulipokuwa mdogo nilikuwa nikikununulia dawa ya minyoo kila muhula. Minyoo hutolewa. Haifugwi. Je, huko chuo kikuu wamekufunza kuirudisha?"

Nilifagia maiti zile nikiwa na haya. Ilikuwa kama kurudishiwa sura ya tatu mara ya tatu.

Lakini asiyekubali kushindwa si mshindani. Nilitafuta maandishi nikasoma, safari hii kwa makini, nikayaona makosa yangu yote. Kwanza, nyungunyungu si wa aina moja. Wale wa chini ya migomba ni wachimbaji. Makao yao ni udongo wenye kina, na ndoo kwao ni gereza. Wanaofaa ni wale wadogo wekundu, ambao wataalamu huwaita Eisenia fetida, wanaoishi juu juu penye samadi na majani yanayooza. Pili, nyungunyungu hupumua kwa ngozi. Ngozi ikikauka hufa, na akizama katika maji yasiyo na hewa hufa vilevile. Matandiko yake yanapaswa kuwa na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Tatu, chumvi, mafuta, nyama na maganda ya machungwa kwa wingi ni adui zake. Nne, kwa kuwa hana meno, husaga chakula ndani ya firigisi kama kuku, kwa hivyo huhitaji mchanga kidogo au maganda ya mayai yaliyopondwa.

Mfugaji mmoja wa kijiji jirani alikuwa na nyungunyungu wekundu. Sikuwa na pesa. Tulipatana nimfundishe mwanawe kuandika insha kwa wiki mbili, naye akanipa mkebe mmoja wa nyungunyungu pamoja na samadi yao. Nadhani huo ndio mshahara wa kwanza nilioupata kwa Kiswahili changu tangu nihitimu.

Yalibaki matandiko. Gazeti kwetu ni adimu, lakini karatasi nilikuwa nazo tele. Nilichukua nakala zote za sura ya tatu, nikazichana vipande vyembamba, nikaviloweka, nikavikamua, nikavitandaza ndani ya ndoo pamoja na majani makavu na konzi ya udongo. Sitaki kudanganya kwamba nilifanya hivyo kwa moyo mkunjufu. Palikuwa na aya moja niliyoipenda mno, na hiyo nayo nikaichana.

Palikuwa na kikwazo kimoja zaidi, nacho kilikuwa cha lugha. Nyanya hakutaka minyoo nyumbani mwake. Nilipomwambia kwamba hawa si minyoo bali ni nyungunyungu, alinitazama kwa shaka. Katika Kiswahili chetu cha kila siku pale kijijini, kila kitambaacho bila miguu na kisicho nyoka ni mnyoo. Nikamwelezea kwamba mnyoo wa tumboni hula alicho nacho mtu, ilhali nyungunyungu hula alichokitupa. Nyanya alilirudia jina lile polepole, "Nyu-ngu-nyu-ngu," kisha akacheka. "Jina kama la mtoto anayechezewa. Haya, wakae. Lakini wakae nje, chini ya uchaga." Sisi wanafunzi wa lugha hujadili uundaji wa istilahi katika kumbi na makongamano. Mimi niliona jina likifungua mlango uliokuwa umefungwa.

Safari hii nilikwenda taratibu. Siku tatu za mwanzo sikuwalisha kitu. Baadaye nikawa nafukia konzi ya maganda ya viazi na ndizi, kila mara upande tofauti, na siongezi kabla cha kwanza hakijapungua. Hali ikiwa nzuri, nyungunyungu hawa huweza kula kwa siku chakula kinachokaribia nusu ya uzito wao. Mwezi wa Julai niliona vijidude vya manjano vyenye umbo la limau, vidogo kuliko punje ya mtama. Nilidhani ni uchafu, kumbe ni vifuko vya mayai yao. Kila nyungunyungu ana viungo vya kiume na vya kike, ingawa bado humhitaji mwenzake ili azae.

Siku hizo ndipo nilipojua kwamba Charles Darwin, ambaye wengi wetu humhusisha na nyani tu, alichapisha mwaka wa 1881 kitabu kizima kuhusu nyungunyungu na udongo. Aliwaweka vyunguni nyumbani mwake, hata piano ikapigwa karibu nao ili ajue kama wanasikia. Hawakusikia, ila waligutuka chungu kilipowekwa juu ya piano yenyewe. Mwaka uliofuata Darwin akafariki. Mtu aliyeyatikisa mawazo ya ulimwengu hakuona aibu kuwapa nyungunyungu uzee wake. Nami nilikuwa nikiona aibu kuwapa miezi mitatu!

Mwishoni mwa Septemba tulivuna. Nyanya alitandaza gunia juani, tukaumwaga mzigo wote na kuufanya vichuguu. Nyungunyungu huchukia mwanga, kwa hivyo walijichimbia chini, nasi tukawa tunakwangua mboji ya juu kidogo kidogo mpaka wakabaki fungu moja jekundu lililosokotana. Mboji ilikuwa nyeusi, nyepesi, yenye harufu ya ardhi baada ya mvua ya kwanza. Nilitafuta kipande chochote cha sura ya tatu nisikione.

Ilikuwa karai moja tu. Nyanya, ambaye hakuwahi kukanyaga maabara, alichagua matuta mawili, akatia mboji konzi moja katika kila shimo la mche kwenye tuta moja, na tuta la pili akaliacha kama lilivyo. Kufikia Novemba hakukuwa na haja ya kuuliza tuta lipi ni lipi. Hata hivyo, nisiongeze chumvi. Karai moja haliponyi bustani nzima, na ndoo si ng'ombe. Tulichopata ni tuta moja la kijani kibichi, na mboga za kupeleka sokoni baada ya miezi mingi.

Nilirejea chuoni Januari 2023. Deni la ng'ombe sijalilipa, lakini tuta hilo moja nalihesabu. Nyanya aliunda sanduku la mbao chini ya uchaga, akawagawia majirani wawili nyungunyungu, na husikika akiwasahihisha wanaosema ni minyoo. Hunipigia simu siku za Jumapili. Huniuliza kama nimekula, kama nimelala, kisha huniuliza lile linalomkaa moyoni:

"Na karatasi? Hawajakurudishia nyingine?"