Nambari Zilizochongwa Chumani: Safari ya Spea za Pikipiki Kongwe Nairobi

Katika nyumba nyingi za mwambao, marehemu huacha kitu ambacho hakuna ajuaye thamani yake: saa ya ukutani, cherehani ya kale, au pikipiki iliyofunikwa turubai uani. Kitu cha namna hiyo ni rahisi kuuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na hapo ndipo haki za warithi hupotea kimyakimya. Mjane mwenye watoto ana thumuni yake, na mabinti wana mafungu yao. Lakini thumuni ya kitu kisichojulikana thamani ni thumuni ya nini?

Pikipiki iliyotutoa Mombasa, mimi na kaka yangu, ni BSA Bantam ya marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kaka alitaka iuzwe. Mama hakukataa, alitaka tu ijulikane kwanza ni nini, na ina upungufu gani.

Bantam ilianza kutengenezwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1948. Michoro yake ilitokana na pikipiki ya Kijerumani, DKW RT125, ambayo washindi wa Vita vya Pili vya Dunia waliichukua kama sehemu ya fidia. Kutokana na asili hiyo hiyo, Yamaha ya Japani ikatoa pikipiki yake ya kwanza mwaka 1955. Kwa hiyo Bantam ina ndugu wengi wanaofanana nayo sura, ingawa mtu asidhani kuwa spea zao huingiliana. Kiwanda chenyewe kilikwisha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tangu hapo, mafundi wa huku kwetu waliitunza ya baba kwa kile walichokipata: kabureta ya Kijapani, gurudumu la nyuma la Honda, nati za kila kabila. Tulikuwa na pikipiki tatu ndani ya moja, na kila kipande kilitaka kutambuliwa peke yake.

Siku ya kwanza tulisali adhuhuri katika Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya mwaka 1925 na 1933, kisha tukateremka kwa miguu. Tulivuka Tom Mboya Street, tukapita River Road, tukafika Kirinyaga Road, ambayo wazee wa Nairobi bado huiita Grogan. Barabara hiyo hufuata Mto Nairobi, na kwa sehemu kubwa ni soko la vyuma. Minyororo hutundikwa milangoni kama tasbihi kubwa, tairi hupangwa hadi darini, na harufu ya grisi hushinda ile ya mto. Duka juu ya duka huuza spea za bodaboda. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, nazo zikaijaza nchi.

Mwenye duka wa kwanza hakuuliza jina la pikipiki yetu. Aliuliza, "Mama, umekuja na sampuli?" Nikamfungulia mkebe.

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo ningependa kila mama alijue. Katika soko lile jina la pikipiki halikupeleki mbali, nambari hukufikisha. Alichukua beringi ya gurudumu, akaifuta kwa kitambaa, akanionyesha maandishi madogo ukingoni: 6203. Nambari hiyo maana yake ni moja dunia nzima: tundu la milimita 17, upana wa nje milimita 40, unene milimita 12. Ikiwa ni 6204, tundu ni milimita 20; ikiwa 6205, ni 25. Kuanzia 04, tarakimu mbili za mwisho huzidishwa kwa tano. Beringi iliyovunjika katika pikipiki ya miaka 60 yaweza kupatikana mpya leo, kwa sababu kipimo hakizeeki. Mnyororo nao una lugha yake: katika 428, ile 4 huonyesha kwamba kutoka pini hadi pini ni sehemu nne za nane za inchi, katika 520, ni sehemu tano.

Nati ndizo zilizotusumbua. Za Kijapani hupimwa kwa milimita, za Kiingereza za zamani kwa inchi, na mizunguko ya skrubu zake haiwiani. Nati ya kigeni ikilazimishwa huingia nusu, kisha hula meno ya bolti. Bora kurudi mikono mitupu kuliko kununua inayokaribiana.

Siku ya pili tulielekea magharibi kwa matatu, kwa barabara ya Ngong hadi pande za Dagoretti Corner, kwenye mafundi wa jua kali wenye mashine za kukereza chuma. Spea isiyouzwa popote huzaliwa huko. Fundi mmoja mzee alipima bushi yetu iliyolika, akaanza kukereza nyingine ya shaba. Wakati mashine ikizunguka, kaka alimwonyesha picha za nambari mbili: moja iliyochongwa kwenye shingo ya fremu, nyingine kwenye injini. Hazikulingana, na kaka alikuwa amepata hofu kuwa injini ni ya wizi.

Mzee alitikisa kichwa. "Mwanangu, BSA za miaka ile ziliandikwa hivyo hivyo kiwandani. Injini ina yake, fremu ina yake. Wewe tazama kitabu chake kinasemaje."

Alisema kweli: katika miaka ya 1950 kampuni hiyo haikulinganisha nambari za injini na fremu. Kinachohitajika ni kila moja kuafikiana na hati ya usajili, ile tuliyozoea kuiita logibuku. Nambari iliyosagwa kwa tupa, au injini iliyobadilishwa bila mamlaka ya usajili kujulishwa, ndiyo ya kuogopwa. Kitu cha namna hiyo hakinunuliwi, hata kikiwa rahisi.

Mbele kidogo, kando ya barabara hiyo hiyo, upo uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Huko hufanyika Concours d'Elegance, mashindano ya magari na pikipiki yaliyoanza mwaka 1970, ambapo waamuzi hukagua hadi chini ya fremu. Mtu akiona pikipiki za umri wa ile ya baba zikipigwa nta na kupangiwa alama, hufahamu kwamba wapo wanunuzi wasionunua kwa kilo.

Tulirudi na beringi, mnyororo, bushi mpya, na karatasi yenye nambari zote, vilivyopatikana na vilivyobaki. Hatukurudi na uamuzi. Huo ni wa warithi wote, na Mama ni mmoja wao. Kikao kitaanza kwa karatasi hiyo kusomwa kwa sauti.

Ndugu msomaji, ikiwa uani kwenu kipo kitu chini ya turubai, chukua tochi na kalamu kabla mnunuzi hajabisha hodi. Mali bila daftari hupotea bila habari.