Kete za Makadara

Kila mwaka, somo la kwanza la akili bandia naingia darasani na ubao wa drafti na kete za vifuniko vya soda. Wanafunzi hucheka, profesa mzima! Nawauliza: anayeanza ana hatua ngapi? Saba. Mwenzake akijibu, michezo inayowezekana ni 49. Hatua ya tatu, 302. Vicheko hukatika hapo. Kuna wanaokimbilia kibodi kabla ya kuhesabu. Hao nawarudisha kwenye karatasi, wakinuna wanune.

Drafti niliijulia Makadara, karibu na stesheni, kwa wazee wa reli waliotoka zamu. Kulikuwa na mmoja asiyesema kitu. Akikuachia kete mbili za bure, ujue umekwisha. Alinifunza kuliangalia jibu la mpinzani kabla ya faida yangu. Nilipofika chuo kikuu nikakuta hesabu hiyohiyo vitabuni, ikiitwa minimaksi.

Utafiti wangu umezunguka papo hapo. Arthur Samuel wa IBM alichapisha mwaka 1959 maelezo ya programu yake iliyojifunza drafti kwa kucheza. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, wakathibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea hutoka sare. Kazi hiyo walikuwa wameianza mwaka 1989. Naiheshimu sana, lakini wenzangu huinukuu vibaya, kana kwamba drafti imekwisha. Waliyoimaliza ni ya Kiingereza, ambamo kingi, yaani kete iliyofika mwisho wa ubao, husogea mraba mmoja tu. Kingi wetu huruka kutoka pembe hadi pembe, na anakula akiwa mbali. Ukibadilisha sheria hiyo moja, uthibitisho wote hautusaidii.

Jumamosi huniulizi nilipo: niko mtaa wa Jericho, nacheza. Mke wangu huita uvivu, mimi huita utafiti, na sote tuna hoja. Pale ndipo nilipogundua kwamba sheria za kingi hubishaniwa hata kati ya mitaa jirani, na mashine haiwezi kupewa ubishi. Inahitaji sheria zilizoandikwa.

Basi mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu asihangaike. Akae na wazee wa mtaani kwake, aandike sheria zao neno kwa neno, kisha aje ofisini kwangu. Kompyuta ya kawaida inatosha kuanzia.