Arubaini Edmonton, na Breki Iliyoganda

Tulikwenda Edmonton kumlea mzazi. Binti yetu alijifungua mtoto wake wa kwanza mwezi wa Desemba, katika mji huo ulio makao makuu ya jimbo la Alberta, Kanada, na kwa desturi zetu mwanamke haachwi peke yake katika siku 40 za uzazi, hata akiwa ng'ambo ya bahari mbili. Tulikuwa wawili, mama yake na mama yake mdogo. Mizigoni tulikuwa na kanga za kumfunga tumbo, asali, habasoda, udi, na chetezo cha udongo kilichofika kimevunjika ukingo. Makoti tulivishwa na mkwe wetu uwanja wa ndege, kabla hata ya kumaliza kusalimiana.

Mji ule uko karibu nyuzi 53 na nusu kaskazini ya ikweta. Katikati ya Desemba jua huchomoza saa tatu kasorobo asubuhi na kutua saa kumi na robo, na kwa hiyo sala za mchana hufuatana kama shanga zilizosongamana katika uzi. Ukikawia kuosha vyombo vya chakula cha mchana, magharibi imekukuta jikoni. Kilichotuliwaza ni kibla. Kwetu Mombasa twaelekea kaskazini, karibu moja kwa moja. Kule nako, kwa kuwa dunia ni mviringo, kibla ni kaskazini ikipinda kidogo kuelekea mashariki. Tulitandika mswala kwa upande uleule tuliouzoea, na mbele ya dirisha theluji ikawa inaanguka bila sauti yoyote.

Magari ya huko yalituchekesha. Mengi yana waya wa umeme unaoning'inia mbele, kama ulimi wa mbuzi aliyechoka. Mkwe wetu alitueleza kwamba injini hufungwa hita ndogo, na usiku gari huchomekwa ukutani kama simu, ili oili isigande ikawa nzito kama uji uliopoa. Tulicheka sana. Tulidhani tumekwisha kujua yote ambayo baridi yaweza kulifanyia gari.

Msomaji wa Mombasa hahitaji kuambiwa breki ya mkono ni nini kwetu. Sisi ni watu wa Likoni. Tumelelewa katika foleni ya feri, kwenye ule mteremko unaoingia majini, na tangu Septemba 2019, gari liliporudi nyuma likatumbukia katika mkondo likiwa na mama na binti yake, na ikapita karibu wiki mbili kabla ya kuopolewa, hakuna dereva katika nyumba yetu aingiaye ferini bila kuulizwa kama amevuta. Hata asiyejua kuendesha huuliza. Hata watoto huuliza.

Basi siku ya nne baada ya mtoto kuzaliwa tulitoka na mkwe wetu kununua tambi na maziwa. Siku mbili hizo baridi ilikuwa imelegea, na barabarani palijaa theluji iliyoyeyuka ikachanganyika na chumvi wanayoimwaga njiani. Magurudumu yaliogelea humo kwenda na kurudi. Tulipofika nyumbani, mkwe aliegesha mbele ya nyumba, penye mteremko unaoshukia barabarani, akatia gia ya kuegeshea, akashuka na mifuko. Hakugusa breki ya mkono. Sisi tulibaki garini tukitafuta glavu zetu, tukauona ule mteremko, na mmoja wetu, ambaye hatutamtaja, akanyoosha mkono akaivuta mpaka jino la mwisho. Tukaingia ndani tukiwa na amani.

Usiku ule baridi ilishuka hadi nyuzi 27 chini ya sifuri.

Asubuhi ilikuwa siku ya kumpeleka mtoto kupimwa manjano, saa tatu kamili. Tangu usiku alikuwa mzito wa usingizi, akishika titi kidogo na kuliachia, na weupe wa macho yake haukuwa mweupe. Mtoto alifungwa katika kiti chake, mama yake akaketi kando. Gari liliwaka vizuri. Mkwe akatia gia ya kurudi nyuma, injini ikanguruma, gari likachuchumaa, lisiende hata shubiri.

Mkwe aliutazama ule mpini kati ya viti. "Mama, mlivuta hii?"

"Tulivuta, mwanangu. Tuliona mteremko."

Hakusema neno. Aliushusha, nao ukashuka kwa urahisi, umelegea, lakini huko chini hakuna kilichoisikia amri yake.

Baadaye tulielewa kilichotokea. Mpini ule huvuta waya wa chuma unaopita chini ya gari ndani ya ala yake hadi magurudumu ya nyuma, na huko vipande vya breki hubana dramu. Ala ikipasuka, maji huingia, na yakiganda waya haurudi tena ulikotoka. Au maji hukaa kati ya vipande vile na dramu, yakaviganza pamoja kama nyama iliyoshikamana na sinia la friza. Gari letu lilikuwa na yote mawili.

Sisi tulikimbilia jikoni. Dawa tuliyoijua ni maji ya moto, na tulikwisha kutoka na birika linalofuka mvuke pale bibi jirani aliposimama mlangoni kwake akatupungia mikono yote miwili kutukataza. Alikuwa mtu mzima, wazee wake walihamia huko kutoka Ukraine, na baridi ile alikuwa ameishi nayo maisha yake yote. Maji ya moto, alieleza, huyeyusha kwa dakika moja, kisha huganda palepale, na sasa kuna barafu zaidi ya ile ya mwanzo. Akauliza kama nyumbani kuna mashine ya kukaushia nywele. Kisha akamtazama mtoto, na maneno ya gari akayaacha. Aliwasha gari lake mwenyewe, kiti cha mtoto kikahamishwa, binti yetu akapanda na mmoja wetu kando yake, wakaondoka.

Waliobaki walitandaza kadibodi juu ya theluji. Mkwe akalala chali akiielekeza mashine ya nywele nyuma ya gurudumu, na mmoja wetu akashika waya mrefu wa umeme, akiwa amevaa buibui juu ya koti na kanga mbili juu ya buibui. Injini iliachwa ikiunguruma, lakini hapo nje palipo wazi, na kwanza tuliondoa theluji kwenye bomba la moshi. Bibi jirani alikuwa ametuonya kabla ya kuondoka: moshi wa gari ukizibwa na theluji, au gari likiwashwa ndani ya banda lililofungwa, hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na huua watu wamekaa wakidhani wanaota moto. Enyi wenye watoto huko baridini, waulizeni juu ya jambo hili hata kabla ya kuwauliza wanakula nini.

Ilichukua karibu nusu saa kwa kila gurudumu. Mkwe alikuwa akigonga dramu taratibu kwa ubao, akiingia garini na kutia gia ya mbele, kisha ya nyuma, bila kukanyaga mafuta kwa nguvu, hadi tuliposikia mlio kama wa dafu linalopasuliwa, na gari likasogea. Hakulikimbiza barabarani. Alilisogeza kidogo, akashuka akayagusa magurudumu ya nyuma kama anayempima mtoto homa, kwa sababu breki iliyoachia nusu husuguana njia nzima na kupata moto.

Kule kliniki damu ilionyesha manjano yamepanda. Mtoto alilazwa usiku mmoja chini ya taa ya buluu, amefunikwa macho, na muuguzi alisema ni vyema hawakungoja kesho yake. Sentensi hiyo hatukuizungumzia nyumbani kwa siku kadhaa.

Fundi alibadilisha ule waya. Alitueleza jambo ambalo mkwe hakulifurahia: breki isiyovutwa miezi na miezi hushika kutu, kwa hiyo siku kavu yafaa kuivuta na kuiachia, na usiku wa baridi baada ya njia yenye maji ndipo iachwe, gari litiwe gia na gurudumu likingwe kwa kigingi. Lawama tukagawana.

Ijumaa moja kina mama wa Msikiti wa Al-Rashid walitusimulia habari za msikiti wao wa kwanza, uliofunguliwa mwaka 1938, wa kwanza katika Kanada nzima. Bi Hilwie Hamdon na wenzake walimwendea meya kuomba kiwanja, kisha wakapita dukani hadi dukani kuchangisha, kwa Waislamu, Wakristo na Mayahudi. Mjenzi alikuwa mtu wa asili ya Ukraine, na jengo likatoka na sura ya makanisa ya kwao. Lilipokaribia kubomolewa, ni wanawake tena waliohangaika mpaka likahamishiwa bustani ya historia ya mji. Tulirudi tukamsimulia bibi jirani habari za mjenzi yule. Alicheka, akaomba sahani ya pili ya vitumbua.

Arubaini ilipotimia tulimnyoa mtoto, tukafukiza udi katika chetezo kilichovunjika, kengele ya moshi ikalia nyumba nzima.

Tulitua Mombasa usiku wa joto. Kijana wetu alitupokea, tukashuka Likoni, tukaingia ferini. Tulimwuliza kama amevuta. Akasema amevuta. Mmoja wetu akanyoosha mkono, akaongeza jino moja.