Pesa za Tope

Nilimtoza bibi mmoja wa Kizanzibari pesa za kusafisha mabomba ambayo hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, na nilipoligundua nikalificha.

Mimi ni fundi bomba hapa Leicester, na tangu Oktoba mpaka baridi iishe kazi yangu kubwa ni radieta za kupasha nyumba joto. Bibi huyu aliniita kwa kuwa tunasema lugha moja. Huniita mwanangu, nami humpa shikamoo hata kabla sijavua viatu. Sebuleni kwake palibaki kipande chembamba cha ukuta kati ya mlango na dirisha, akataka radieta ya kusimama, zile za nguzo nguzo zinazompita mtu kimo. Nikaitundika, nikaunga mabomba kwa chini, moja kila upande, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Uingereza. Boila ikawaka. Chini pakapata moto, juu pakabaki baridi.

Kwetu mafundi kuna kanuni ya haraka: juu baridi ni hewa, chini baridi ni tope. Nikafungua kitundu cha hewa. Ikafoka kidogo, kisha yakaja maji matupu. Hapo tu nilipaswa kutulia, maana maji yakishafika kileleni, hewa ya kulaumiwa iko wapi? Na dalili ya pili ilikuwa mkononi mwangu. Radieta inayofanya kazi vizuri hurudisha maji yaliyopoa kwa digrii 10 hadi 20 hivi. Yangu yalirudi na moto karibu uleule yalioingia nao. Nililishika lile bomba la kurudi, nikajisemea mzunguko upo, safi kabisa. Kumbe maji yalikuwa yanakatiza chini na kwenda zake.

Nikapandisha kasi ya pampu mpaka mwisho, nikabana koki za radieta nyingine ili ile ndefu ipate zaidi. Chumba cha kulala kikaanza kupoa. Ndipo nikamwambia: “Bibi, mabomba yako yana tope.” Nikaleta mashine na dawa, nikasukuma maji, yakatoka meusi. Yangekosaje kuwa meusi? Nyumba ya miaka mingi yenye radieta za chuma lazima iwe na tope la kutu. Nikamwonyesha ndoo. Aliitazama, akasikitika, akalipa. Katika yote niliyofanya, ndoo ile ndiyo inayonitia haya zaidi.

Radieta ndefu za aina hiyo, zinazoungwa kwa chini, huwa na kisahani ndani, kati ya nguzo ya kwanza na ya pili, kinachoziba njia ya chini. Maji ya moto yakiingia yanakuta ukuta, hayana budi kupanda nguzo ya kwanza mpaka juu, yasambae, kisha yateremke kwa nguzo zilizobaki. Radieta fupi na pana haihitaji kisahani hicho; maji ya moto ni mepesi, hupanda yenyewe. Lakini pale ambapo matundu ya kuingilia na kutokea yamekaribiana, nacho kilele kiko mbali, maji hufuata njia ya mkato. Kiwandani walibandika karatasi yenye mshale. Niliichana pamoja na maboksi, nikaitundika radieta kichwa chini, kisahani kikawa huko juu kinaziba njia isiyotumiwa na mtu.

Na si kwamba nilikuwa mgeni wa miunganisho ya ajabu. Nimekuta koki zinazoingiza na kutoa maji upande mmoja, zenye mrija mwembamba unaopeleka maji ya moto ndani kabisa. Fundi akibadilisha koki akausahau mrija, radieta inabaki nusu baridi. Nikikuta hivyo humcheka fundi aliyenitangulia. Kwa Bibi, aliyenitangulia ni mimi.

Niligundua nikiwa nyumba nyingine, nikisoma maelekezo ya radieta kama ile. Nikaenda kwa Bibi, nikasingizia ukaguzi. Nikamwaga maji, nikaigeuza, nikaijaza, nikatoa hewa. Kilele kikapata moto, bomba la kurudi likapoa kidogo. Akaniombea dua: “Lile tope lilikuwa sugu, mwanangu.” Nikaitikia amina.

Kisha akaanza kuwaelekeza majirani kwangu. Hilo lilinishinda. Nikarudi na pesa za tope ndani ya bahasha, nikamweleza yote, pamoja na mshale. Alisikiliza bila kunikatiza, akazihesabu noti mara mbili, akaniuliza:

“Jee, na ile hita ya umeme niliyokuwa nikiikokota chumbani baridi nzima, bili yake nani atanirudishia?”

Nikamwambia anionyeshe bili. Alikuwa nazo zote, kwenye mkoba anaoweka pasipoti.